Kupoza Nini?

Ubishi wa akili bandia, akili mnemba na akili unde umekula wino mwingi, na kila jina lina watetezi wake. Uwanja huo nawaachia wenyewe. Maneno yanayonivuta mimi yako chumba cha mitambo: kituo, mzigo, kula, kupoza. Hakuna kamati iliyokaa kuyaunda, na mafundi huyatumia bila kufungua kamusi. Sasa yametwishwa kazi ambayo hayakuwa nayo, kwa kuwa seva za akili mnemba zinataka umeme na kutoa joto kwa kiasi ambacho jengo la kawaida la kompyuta haliwezi kukihimili. Neno likilegea humo, wa kwanza kuumia ni mhandisi anayepiga hesabu za nyaya na mabomba.

Tuanze na jina la jengo lenyewe. Katika Kiswahili cha ofisini, hasa Tanzania, tumezoea kusema kituo cha kuhifadhi data. Jina lilifaa wakati benki, kampuni za simu na serikali zilipotafuta mahali salama pa kuweka kumbukumbu zao. Raki moja ya seva za namna hiyo hutumia kilowati 5 hadi 10 hivi, na mahitaji yake hupanda na kushuka polepole kwa kufuata saa za watu kuamka na kulala. Jengo la akili mnemba halifanyi hivyo. Raki ya NVIDIA iitwayo GB200 NVL72, yenye chipu 72 za kukokotoa, inataka takriban kilowati 120 peke yake. Meta ilitumia hadi chipu 16,384 aina ya H100, kila moja ikiwa na kikomo cha wati 700, kufundisha modeli kubwa kabisa ya Llama 3. Katika ripoti yao ya mwaka 2024, wahandisi wake walieleza kwamba makumi ya maelfu ya chipu zikisimama pamoja kusubiriana, au zikianza kazi pamoja, umeme unaohitajika huruka kwa makumi ya megawati papo hapo. Ghala haliruki hivyo. Kiwanda ndicho huruka hivyo. Jensen Huang wa NVIDIA anapoyaita majengo haya viwanda anauza bidhaa zake, lakini mhandisi wa gridi hana sababu ya kumbishia. Kituo cha kukokotoa ni jina refu kidogo, ila linamwonya mapema anayeunganisha waya.

Neno la pili ni mzigo. Fundi umeme akisema mzigo ana maana ya kila kinachovuta umeme kwenye njia yake. Mtu wa kompyuta akisema mzigo ana maana ya kazi iliyopewa mashine. Zamani wawili hawa wangeweza kuishi jengo moja bila kujuana, kwa sababu kazi ikizidi kidogo, umeme nao ulizidi kidogo. Leo mizigo hiyo miwili imefungwa kamba moja. Mwandishi wa programu akiamuru chipu zote zisimame ili nakala ya kazi ihifadhiwe, ameshusha mzigo wa jenereta bila kugusa swichi yoyote. Ndiyo maana wabunifu huweka betri na kapasita karibu na raki ili zimeze mruko huo, na mara nyingine programu huzipa chipu kazi isiyo na faida ili umeme usidondoke ghafla. Wako wanaotaka tutenganishe istilahi, mmoja apewe mzigo na mwingine atafutiwe neno lake. Mimi nasema tuache. Neno moja linawalazimisha watu wa idara mbili kuulizana wanamaanisha nini, na jengo hili haliwezi kusimama wasipoulizana.

Sasa kitenzi chenyewe, kupoza. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na umeme wake husafiri kwa kilovolti 400 hadi Chalinze. Hapo pana kituo ambacho taarifa za habari hukiita kituo cha kupokea na kupoza umeme. Mwandishi mwingine huongeza o moja, akaandika kupooza, na umeme ukapigwa kiharusi gazetini. Asili ya usemi huu inaeleweka: umeme wa njia kuu ni mkali, na volti zikishushwa unakuwa mpole kiasi cha kuingia nyumbani. Poa ni kutulia kwa kilichokuwa kikali, iwe homa au hasira.

Ndani ya kituo cha kukokotoa upozaji huo huendelea ngazi kwa ngazi. Kilovolti 33 au 11 hufika uani, volti 400 huingia ndani, volti 50 hivi za mkondo mnyoofu hupita nyuma ya raki, na kwenye kiini cha chipu volti haifiki hata 1. Lakini kupoza kunaficha jambo. Nguvu ni volti mara ampea. Ukishusha volti na kazi ikabaki ileile, ampea zitapanda, na joto linalopotea kwenye waya hukua kwa mraba wa ampea hizo. Raki ya kilowati 120 ikilishwa kwa volti 50 inataka ampea 2,400. Ikilishwa kwa volti 800, ampea 150 zinatosha. Hizo ni pungufu mara 16, na upotevu katika waya wa unene uleule hupungua mara 256. Umeme uliopozwa, basi, ndio unaochemsha waya.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza mpango wa kufikisha volti 800 za mkondo mnyoofu hadi kwenye raki, kwa kutazamia raki za megawati 1. Kwa lugha ya Chalinze, mpango huo unasema: usipoze mapema, poza mlangoni mwa chipu. Anayelisikia neno hili kama faraja tupu atapoza umeme mbali na kazi, kisha atalipia shaba ya kuusafirisha.

Kati ya upozaji wa umeme na upozaji wa joto kimekaa kitenzi kula. Friji linakula umeme, pasi inakula umeme, na mwenye mita ya LUKU anajua nani kala zaidi. Usemi huu ni sahihi kwa mfuko wa mlipaji, lakini unampotosha mbunifu. Anayekula hubakiza kitu mwilini. Chipu haibakizi: kila wati inayoingia hutoka ikiwa joto, na hesabu iliyofanywa haihifadhi nishati ya kuonekana. Kilowati 120 za umeme kwenye raki ni kilowati 120 za joto zinazotafuta pa kutokea. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, Kenya, kitakachoendeshwa kwa jotoardhi. Ifuate nishati hiyo kwenye njia yake: joto la miamba ya Bonde la Ufa, mvuke, umeme, chipu, kisha joto tena. Hakuna kilicholiwa njiani. Kwa hiyo aliyechora njia ya umeme ameshachora pia njia ya joto, hata kama hajui, na michoro hiyo miwili haifai kupewa ofisi mbili zisizozungumza.

Tukifika kwenye mabomba, waandishi wengi huiacha poza na kushika ubaridi: mfumo wa ubaridi, mashine ya ubaridi, kutia ubaridi. Fikra hii ina historia katika biashara ya barafu. Mpaka leo viyoyozi vikubwa hupimwa kwa tani, na tani hiyo haihusiani na uzito wa mashine. Ni kasi ya kuondoa joto linaloweza kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24, yaani kilowati 3.5 hivi. Raki yetu ya kilowati 120 ingehitaji tani 34. Kipimo hicho kimetuachia picha ya ubaridi kama shehena inayoletwa na kumwagwa chumbani. Ubaridi hauletwi. Joto ndilo linalohama, kutoka penye nyuzi nyingi kwenda penye nyuzi chache, na likitakiwa kwenda kinyume cha hapo, lazima kompresa ilipwe umeme.

Poza haina mtego huo. Kilichopoa kimepungukiwa na joto, hakijaongezewa chochote. Tofauti hii inaonekana wazi Garching, karibu na Munich. Mwaka 2012 Kituo cha Kompyuta cha Leibniz kilizindua SuperMUC, kompyuta kuu iliyopozwa kwa maji ya moto yaliyoweza kufika nyuzi 45 za Selsiasi, na joto lililovunwa likatumika kupasha majengo. Mwenye ubaridi kichwani ataona sentensi hiyo ni kichekesho. Mwenye poza haoni ajabu: madhali chipu ina nyuzi nyingi kuliko maji, maji yanaipoza.

Kwa nini maji? Kuondoa kilowati 120 kwa hewa inayopanda nyuzi 12 kunataka zaidi ya mita za ujazo 8 za hewa zipite kwenye raki moja kila sekunde. Hiyo ni dhoruba ndani ya kabati. Kwa maji yanayopanda nyuzi hizohizo, lita 2.4 kwa sekunde zinatosha. Ndiyo maana bamba la shaba lenye vifereji vyembamba hubanwa juu ya chipu, maji yakapita ndani yake na kubeba joto kabla halijaingia hewani.

Kwa mtu wa pwani, uteuzi wa neno hapa unaonekana kwenye bili. ASHRAE, chama cha wahandisi wa upozaji chenye makao Marekani, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Dar es Salaam mchana wa Februari hewa ya nje huvuka 30, kwa hiyo kompresa haipumziki. Maji ya kupoza yakiruhusiwa kuingia na nyuzi 45, hewa ileile ya Februari inatosha kulipokea joto lake kupitia rejeta na feni, kompresa ikiwa imezimwa. Anayeandika mfumo wa ubaridi katika zabuni ameagiza kompresa kabla ya kujua kama anaihitaji.

Ipo pia njia ya mtungi. Maji hupenya udongo na kukauka kwa nje, na kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la takriban kilowati-saa 0.67. Mnara wa kupozea hufanya kazi hiyohiyo kwa kimo cha ghorofa: megawati 1 ya joto hukausha lita 1,500 hivi kila saa. Mtungi hupoza vizuri zaidi Dodoma kwenye hewa kavu kuliko Tanga, ambako hewa ina unyevu mwingi, na mnara hauwezi kuikwepa sheria hiyo. Hapa kula kunastahili jina lake, maana maji yaliyokauka hayarudi kwenye bomba. Mji wenye kiu una haki ya kuuliza nani kayala.

Limebaki jina moja ambalo naomba lisitafsiriwe neno kwa neno. Mwaka 2007 muungano wa The Green Grid ulieneza kipimo cha power usage effectiveness, kinachofupishwa PUE: umeme wote wa jengo ukigawanywa kwa umeme unaozifikia kompyuta. Jina lake la Kiingereza limebeba neno la ufanisi, lakini namba ikipanda ufanisi unashuka, na bora kabisa ni 1. Google hutangaza wastani wa karibu 1.1 kwa vituo vyake. Tukikiita kiwango cha ufanisi, msomaji atalishangilia jengo la 2. Uwiano wa ziada ni jina fupi na halidanganyi: kinachozidi 1 ndicho kilichozidi juu ya kazi. Hata hivyo, uwiano huu una hila. Feni zilizo ndani ya seva huhesabiwa kuwa kompyuta. Ukihamia kwenye maji na kuziondoa, kigawanyo kinapungua, na uwiano unaweza kupanda ilhali jengo zima linatumia umeme kidogo kuliko jana. Jina zuri halimzuii mtu kusoma namba vibaya, ila jina baya humsukuma.

Pendekezo langu kwa wanaoandika miongozo na zabuni za Kiswahili ni dogo. Tusiunde kitenzi kipya. Poza inatutosha, kwa sharti kwamba kila inapoandikwa iwe na yambwa yake na namba mbili. Kupoza umeme kutoka kilovolti 33 hadi volti 400. Kupoza chipu kwa maji yanayoingia na nyuzi 40 na kutoka na 50. Zikiwekwa hivyo kwenye ukurasa mmoja, fundi umeme na fundi mabomba wataona kwamba wanashughulikia kilowati zilezile. Poza ni neno linalotuliza, na sentensi ya kihandisi inayomtuliza msomaji kabla ya kumpa namba bado haijasema kitu.