Gari la umeme: Kagua betri kabla ya kulipa

MKAZI wa Migori au Homa Bay anayenuia kununua gari la umeme lililotumika yafaa atazame betri kwanza, wala si rangi.

Nissan Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24. Zikiwa mpya, zilipimwa Marekani kuwa huenda takriban kilomita 117 pekee. Migori hadi Homa Bay kupitia Rongo ni zaidi ya kilomita 60. Kwenda na kurudi kwa betri kuukuu ya aina hiyo ni kujitakia kulala njiani. Leaf ya uniti 40, iliyozinduliwa 2017, ilipimwa kilomita 243, nayo yamtosha mtumishi wa kaunti asafiriye kila siku.

Betri ya Leaf hizo haipozwi kwa maji, hivyo joto huichakaza upesi. Dashibodi huonyesha afya yake kwa vistari 12. Vikiwa vimepungua, dai bei ipunguzwe au uondoke.

Safari ya Nairobi ni habari nyingine. Ni zaidi ya kilomita 350, na mwinuko wa Mai Mahiu hukungoja mwishoni, chaji ikiwa imeshuka. Hata BYD Atto 3 ya uniti 60, iliyopimwa kilomita 420 kwa vipimo vya Ulaya, yafaa ichajiwe njiani. Plagi zake za chaji ya haraka hazifanani na za Leaf, kwa hivyo ulizia kituo kwa simu kabla ya kung'oa nanga.