Uwezo, Sababu na Nia: Mizani ya Utawala Katika Mchezo na Katika Vita vya Kagera



Mwisho wa wiki hapa Dubai, vijana wetu hukaa mbele ya kompyuta wakijenga madola na kupigana vita. Mmoja wa michezo hiyo ni Civilization, uliotoka mwaka 1991 na kufuatiwa na matoleo mengi. Humo mchezaji huchagua aina ya utawala. Demokrasia huongeza mapato ya biashara, lakini raia hununa askari wakipelekwa mbali. Tawala za mabavu hupigana bila manung'uniko, ila hazina yake hujaa polepole. Watengenezaji hupima faida na hasara hizo ili usipatikane utawala mmoja unaoshinda kila siku.

Sisi tuliosomea uhandisi tunaiheshimu kazi hiyo ya mizani. Lakini vijana wanapotuambia kwamba serikali ya kijeshi ndiyo hodari wa vita na ujamaa ni mzigo tu, twaona tuwasimulie vita vya kwetu.

Idi Amin alitwaa Uganda kwa mapinduzi ya Januari 1971. Katika mchezo angepewa alama nyingi za vita. Lakini Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 kuondoka, na maduka na viwanda vyao vikagawiwa wanajeshi na wapambe wasiojua biashara. Uchumi ukabaki ukitegemea kahawa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliingia Kagera, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo hilo, kilometa za mraba zipatazo 1,800, ni la Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa.

Tanzania nayo haikuwa na fedha. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limetaifisha njia kuu za uchumi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Hata hivyo, Mwalimu Nyerere aliliambia taifa kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo. Mabasi na malori yakachukuliwa kubeba askari. Jeshi lisilofika watu 40,000 likapita 100,000 kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mfumo ule ule wa chama na mabalozi wa nyumba kumi kumi, ulioshindwa kujaza maghala ya mahindi, uliweza kukusanya watu kwa wiki chache. Mto ukavukwa kwa daraja la muda. Amin aliletewa askari na Libya, lakini wengi wa askari wake mwenyewe walikimbia. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979.

Hapo mchezo wa kompyuta ungeandika "ushindi" na kupiga muziki. Kwetu ndipo hesabu ilipoanza. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500, na mwaka huo huo bei ya mafuta ilipanda duniani. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mkanda miezi 18. Mkanda ukafungwa miaka. Edwin Mtei, Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 kwa kutokubaliana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tunakumbuka foleni za sukari na sabuni. Mwaka 1984 milango ya uagizaji ililegezwa, na bidhaa za Dubai zikaanza kujaa madukani kwetu. Makubaliano na shirika lile yalifikiwa mwaka 1986, Mwalimu akiwa ameshang'atuka urais.

Tunachojifunza ni kwamba mchezo hupima uwezo peke yake, kwa sababu uwezo huhesabika. Sababu na nia hazina tarakimu, nazo ndizo zilizovuka mto Kagera. Lakini tusijidanganye upande wa pili: nia ilishinda vita, haikulipa deni. Deni lililipwa na mama aliyepanga foleni alfajiri.

Basi vijana wacheze, kwani wanajifunza kufikiri. Tunawaomba kitu kimoja: wakishaiteka Kampala ya kwenye skrini, wasizime mashine. Waendelee miaka saba mingine, waone nani analipa. Waswahili walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.