Duara la Vidole 224

Tarehe 24 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama ziling'oa nanga Malindi zikiwa na rubani waliyepewa na mfalme wa mji. Alikuwa nani hasa? Zamani alidhaniwa kuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa Kiarabu. Siku hizi wanahistoria wengi hawakubali. João de Barros, aliyechapisha habari zake mwaka 1552, anamtaja Mwislamu wa Gujarat aitwaye Malemo Caná. Anasimulia pia kwamba da Gama alimwonyesha mgeni wake astrolabu kubwa ya mbao na nyingine za metali, akitazamia mshangao. Hakuupata.

Astaajabie nini? Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na kipimo chao. Mpimaji alishika kibao mkononi, akauma uzi wake wenye mafundo, ukingo wa chini akaulaza juu ya upeo wa bahari, wa juu ukagusa nyota. Fundo lililokuwa menoni ndilo jibu, na jibu lilikuwa vidole. Duara zima la mbingu lina vidole 224.

Idadi hiyo ni kituko mpaka uigawe. Ni 32 mara 7, na dira yao ilikuwa na pande 32. Ni 28 mara 8, na vituo vya mwezi ni 28. Nyota ya kaskazini ikipanda kidole kimoja, chombo kimesafiri kutwa na usiku kuelekea kaskazini.

Huko Samarkand, mwaka 1424, mwanahisabati al-Kashi alikuwa amelikabili duara hilohilo kwa njia nyingine. Kwa umbo lenye pande 805,306,368 alipata mara mbili ya pai: 6.2831853071795865. Sharti alilojiwekea ni kwamba katika duara ambalo kipenyo chake ni mara 600,000 ya kipenyo cha dunia, kosa lisifikie unene wa unywele wa farasi!

Rubani wa Malindi asingekuwa na kazi na tarakimu hizo. Kukosea robo ya kidole ni kupotea kilomita 45 hivi, na jahazi haliachi kuyumba ili mtu apime vizuri. Alihitaji duara linalogawanyika kichwani, gizani, bila karatasi.

Alihitaji na upepo. Kusi ilikuwa imeanza, na siku 26 baada ya kuondoka Malindi Wareno walitia nanga karibu na Calicut. Kurudi, da Gama hakungoja kaskazi. Walihangaika baharini karibu miezi mitatu, kiseyeye kikiwamaliza, wakaingia Malindi tarehe 7 Januari 1499. Baadaye mwezi huo waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote.