Umeme wa Katanga: kutoka Mwadingusha hadi pano juu ya mabati ya Annexe

Annexe ndiyo komini inayouzunguka mji wa Lubumbashi kama pete. Ukipita jioni Kasapa, Kalebuka, Kasungami, Kimbembe, Luwowoshi au Naviundu, utaona taa ndogo nyeupe zikiwaka katika nyumba ambazo hazina hata nguzo ya SNEL karibu. Juu ya mabati kuna pano, yaani bamba la kukamata mwanga wa jua. Ndani, pembeni mwa kitanda, kuna batri. Jamaa zilizokimbia vita kutoka Mitwaba, Pweto au Manono nazo ziko katika hesabu hiyo: zikipata kazi na pesa kidogo, taa na simu huja mapema kwenye orodha.

Inakuwaje jimbo lenye mabwawa makubwa, linaloilisha dunia shaba na kobalti, liwe na watu wanaonunua mwanga wao kipande kwa kipande sokoni? Jibu liko katika historia. Inafaa kila mama na kila baba alijue kabla ya kutoa pesa yake.

Umeme uliozaliwa kwa ajili ya kiwanda

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1911 tanuru lake la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba, likitumia koki, makaa yaliyoletwa kwa treni kutoka Wankie, nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Baadaye kampuni ilitaka kusafisha shaba kwa kupitisha umeme ndani ya maji yenye asidi, na kazi hiyo hula umeme mwingi mno. Ndiyo sababu mto Lufira ulizibwa. Kituo cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka wa 1930, na maji yaliyozuiwa yakawa ziwa tunaloliita Tshangalele. Umeme wake ulikwenda moja kwa moja kwenye viwanda vya Likasi, ambayo wakati huo iliitwa Jadotville.

Karibu mwaka wa 1950 kikaja kituo cha Koni, chini kidogo kwenye mto huohuo. Katika miaka ya 1950 mto Lualaba nao ulizibwa karibu na Kolwezi, kwanza Nzilo, kisha Nseke. Umeme ukawa mwingi hata ukauzwa ng'ambo ya mpaka, kwa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Lakini nyumba za wafanyakazi weusi hazikuwa za kwanza kuupata. Kwanza kiwanda, halafu mji wa Wazungu, halafu wengine kama umebaki. Mpango huo ndio mzizi wa shida ya leo: njia za umeme zilichorwa kufuata shaba, hazikuchorwa kufuata watu.

Waya uliopita juu ya vijiji

SNEL iliundwa mwaka wa 1970. Bwawa la Inga ya kwanza lilifunguliwa mwaka wa 1972 na Inga ya pili mwaka wa 1982, huko mbali kwenye mto Kongo. Utawala wa Mobutu ukajenga waya wa kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi. Wanahistoria wengi wanasema nia haikuwa shaba peke yake. Katanga ilikuwa imejitenga kuanzia 1960 hadi 1963, na Kinshasa ilitaka kuishika swichi mkononi.

Waya huo unapitisha umeme usiogeuka mwelekeo, wa volti 500,000. Umeme wa aina hiyo hauwezi kuteremshwa kwa transfo ya kawaida ya kijijini. Kwa hiyo vijiji vingi viliona nguzo zikisimikwa katika mashamba yao, waya ukapita juu ya vichwa vyao, na usiku wakaendelea kuwasha koroboi.

Halafu Gécamines ikaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka wa 1990, uzalishaji ukashuka, na mitambo ya umeme ikazeeka bila kutengenezwa. Miaka ile ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makwao hapa jimboni, na maelfu wakalala kwenye gare za Likasi na Kolwezi wakingojea treni. Katika miaka ya 2000 na ya 2010 ikawa zamu ya watu wa kaskazini kukimbia wenye silaha. Mji ukajaa, na Annexe ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kujenga. Nyumba zikaenda mbele, nguzo zikabaki nyuma. Hata mtaa wenye waya ulijifunza neno delestaji: leo kuriri kwenu, kesho kwa wengine.

Mwaka wa 2014 sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni iliondoa haki ya SNEL ya kuwa peke yake katika kazi ya umeme. Mwaka wa 2021 mashine za Mwadingusha zilimaliza kufanywa upya, zikatoa megawati 78. Aliyegharamia kazi hiyo pamoja na SNEL ni kampuni ya mgodi wa Kamoa-Kakula, na mgodi ulihitaji umeme huo. Hakuna ubaya mgodi ukitengeneza kituo. Lakini aliyesoma mwaka wa 1930 anautambua wimbo.

Kifaa kidogo kutoka mbali

Batri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859. Pano ya silikoni ilionyeshwa na maabara ya Bell huko Marekani mwaka wa 1954, na wakati huo iligeuza kama asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Kwa muda mrefu pano zilikuwa ghali mno kwa nyumba ya kawaida. Mwaka wa 1958 moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuendesha setilaiti angani. Bei iliposhuka, Wazungu na Wamarekani wanaokwenda mapumzikoni wakavuta nyumba ndogo za magurudumu nyuma ya gari wakazifunga juu ya paa, na batri ya volti 12 chini ya kiti. Vifaa hivyohivyo, na hesabu hiyohiyo, ndivyo vilivyofika Luwowoshi. Tofauti ni kwamba wao huenda msituni kwa wiki mbili, halafu hurudi kwenye kuriri.

Katanga imo ndani ya historia hiyo pia. Kobalti yetu ilianza kuzalishwa mwaka wa 1924. Mwaka wa 1980 watafiti wa Oxford waliona kwamba kobalti pamoja na lithiamu hutengeneza batri nyepesi yenye nguvu, na mwaka wa 1991 kampuni ya Sony ikaiuza. Leo zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini kwetu, nyingi Lualaba na Haut-Katanga. Lakini tusidanganyane: si kila batri ya lithiamu ina kobalti. Nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa chuma na fosfati.

Hesabu ya nyumba moja

Watu wengi hupoteza pesa kwa kuanza na pano. Anza na matumizi. Taa 3 za wati 5, zikiwaka saa 5, ni 75. Simu 2 zikijazwa ni kama 20. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Jumla 125 kwa siku.

Gawanya 125 kwa volti 12, utapata kama ampea-saa 10 na nusu. Batri ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo usiku mmoja unataka 21. Kati ya Novemba na Aprili mvua inaweza kuficha jua siku nzima. Ukitaka siku mbili, tafuta batri ya 40 hivi. Pano ya wati 50 itarudisha matumizi ya siku moja kwa saa 4 za jua zuri, hata ukiondoa kinachopotea njiani. Batri ya gari imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiimaliza kila usiku itakufa mapema.

Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, karibu digrii 12, kwa hiyo pano itazame kaskazini, iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Kiangazi, vumbi letu jekundu lifutwe kila wiki. Pitia regilateri daima: funga batri kwanza, halafu pano. Weka fizibo karibu na batri, kwa sababu waya ukigusana bila fizibo nyumba inaweza kuungua. Batri ya maji hutoa gesi inayowaka. Isikae chini ya kitanda cha mtoto wala karibu na makala ya kupikia. Ikifa, msiyeyushe risasi uani. Moshi wake huharibu akili za watoto.

Kinachobaki kwetu

Katika miaka mia moja ya umeme wa Katanga, hii ni mara ya kwanza nguvu kidogo kuwa mali ya nyumba yenyewe. Haingoji waya kutoka Inga wala zamu ya delestaji. Kwa jamaa iliyowahi kukimbia usiku, kuna jambo kubwa zaidi: pano inafunguliwa kwa spana moja na kubebwa kichwani. Aliyechangia nguzo na kebo mtaani huviacha akihama. Pano na batri huhama naye.

Lakini wati 50 hazisagi mahindi, hazichomei chuma, hazihifadhi dawa za chanjo za senta ya afya. Hayo yanataka nguvu kubwa zaidi. Tukinyamaza kwa kuwa kila mmoja ana taa yake ndogo, ile ramani ya 1930 itaendelea: umeme mkubwa kwa mgodi, nyota ndogo kwa watu. Basi nunueni pano kwa hesabu, muitunze, na kwenye mikutano ya mtaa endeleeni kumuuliza shefu wa kartie na bourgmestre: kabini ya mtaa wetu itakuja lini, na nani ameandika jina letu kwenye mpango?