Simiti mbichi huua samaki wa kidimbwi

Ndugu yangu anakaa Eastleigh, Section One. Mwezi uliopita alimjengea mama kidimbwi uani, kwa kuwa mama yupo Nairobi kwa matibabu na analikumbuka birika la kwao Lamu. Fundi alimaliza Jumatano. Ijumaa baada ya swala wakatiwa ngege kumi na wawili. Jumamosi asubuhi wote walikuwa wakielea matumbo juu, na mama akasema maji ya Nairobi hayana baraka.

Maji hayakuwa na kosa kubwa. Simiti mbichi hutoa chokaa majini, na kipimo cha pH, ambacho katikati yake ni 7, huweza kupanda kupita 11. Ngege hustarehe kati ya 6.5 na 9. Juu ya hapo matamvua huungua, tena amonia itokayo kwa samaki wenyewe huzidi kuwa sumu kadiri pH inavyopanda.

Wazee wetu nao walipaka chokaa mabirika yao na wakafuga humo visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Hata bakuli la Kichina walilijengea chini, maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Lakini birika lililokaa miaka si la juzi Jumatano.

Dawa ni subira. Jaza maji, yaache wiki nzima, mwaga, sugua kuta kwa siki, suuza, jaza tena. Fanya hivyo mara tatu au zaidi, kisha pima kwa karatasi ya pH. Ikisoma chini ya 8.5 na ikabaki hapo siku kadhaa, tia samaki wawili kwanza. Asiyeweza kungoja atandike karatasi nzito ya plastiki ile ya mabwawa ya wakulima.

Mabati mapya na mabomba ya shaba pia yana lawama. Zinki na shaba huwadhuru samaki zaidi kwenye maji laini, na maji ya Nairobi yatokayo Ndakaini ni laini kuliko ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe. Usikinge mvua ya paa jipya ukaimimina kidimbwini. Maji ya mfereji yaache wazi siku mbili klorini itoke.

Rangi kuukuu inayobanduka iondoe kabisa, huenda ina risasi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua risasi kuliko mimi. Samaki wa kidimbwi cha namna hiyo usimle.

Na Eastleigh haiishi kujengwa. Jirani akichanganya simiti, au mtu akipuliza dawa ya mbu, funika kidimbwi kwa turubai hadi vumbi na moshi vitulie.

Ndugu yangu yuko kwenye maji ya pili sasa. Karatasi jana ilisoma 9.5. Mama anauliza kila alfajiri, naye humjibu, bado mama.