Sheria Iliyohesabu Futi na Kusahau Kusikiliza



Tunapofundisha habari za biashara ya watumwa, tumezoea kufika kwenye mwaka ambao sheria iliikataza, kisha tunafunga daftari. Leo tunawaomba tufungue ukurasa unaofuata. Katika karne ya 19, ilipozidi kuwa vigumu kuwavusha Waafrika hadi mashamba ya miwa ya Cuba, wenye mashamba waligeuza macho kuelekea China. Mwaka wa 1847 merikebu iitwayo Oquendo ilishusha mjini Havana Wachina wapatao 200. Hadi mwaka wa 1874 watu wapatao 125,000 walikuwa wamepelekwa Cuba, na wengine karibu 100,000 Peru, kulima pamba na miwa na kuchimba mbolea ya ndege visiwani.

Watu hao hawakuitwa watumwa. Waliitwa makuli, neno ambalo Kiswahili cha bandarini kinalijua hadi leo. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake, yaani mkataba wa kazi, mara nyingi wa miaka 8. Lakini wengi waliifikia karatasi hiyo kwa njia mbaya. Wapo waliodanganywa kuhusu kazi na safari, wapo walionaswa kwa madeni ya kamari, na wapo waliotekwa tu. Walifungiwa katika mabanda ya bandarini wakingojea kupakiwa. Mnamo Novemba 1852 wakazi wa mji wa Amoy, katika pwani ya kusini ya China, walifanya ghasia kwa hasira dhidi ya biashara hiyo.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutisha. Mwaka wa 1850 merikebu ya Kiingereza Lady Montague ilielekea Peru ikiwa na Wachina wapatao 450, na karibu 300 kati yao walikufa. Mwaka wa 1852, ndani ya merikebu ya Kimarekani Robert Bowne, nahodha aliamuru abiria wakatwe misuko yao ya nywele, jambo la aibu kubwa kwa Mchina wa wakati ule. Abiria waliasi na kumwua. Mwaka wa 1855 ndani ya Waverley, nayo ya Kimarekani, kulizuka vurugu ilipokuwa imetia nanga karibu na Manila. Msimamizi wa merikebu aliwafungia abiria chini ya sitaha. Milango ilipofunguliwa, zaidi ya watu 250 walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa.

Mwaka huohuo wa 1855 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya abiria wa Kichina. Ilizihusu merikebu zote zilizoondoka Hong Kong, iliyokuwa koloni la Uingereza, pamoja na merikebu za Kiingereza zilizoondoka bandari za China, zikiwa na abiria wa Asia zaidi ya 20 katika safari ndefu. Tuipe sheria hiyo haki yake. Iliagiza kwamba afisa wa uhamiaji aikague merikebu kabla haijang'oa nanga. Iliagiza mchele, maji ya kunywa, chai, kuni za kupikia, dawa na mganga. Kila mtu mzima alipaswa kupewa nafasi ya futi za mraba 12, yaani zaidi kidogo ya mita moja ya mraba: upana wa mkeka mwembamba wa kulalia, kwa majuma mengi. Katika sheria ya abiria wa Uingereza wenyewe, iliyotungwa mwaka huohuo, mtu mzima hakupewa chini ya futi 15. Basi, hata huruma ilipimwa kwa vipimo viwili.

Sheria hiyo ilikuwa pia na kifungu kimoja kizuri kuliko vyote. Afisa alipaswa kuhakikisha kwamba abiria anaelewa anakokwenda, anaelewa mkataba wake, na anakwenda kwa hiari yake. Hebu tufikirie jinsi swali hilo lilivyoulizwa: katika merikebu iliyojaa, kwa njia ya mkalimani, mbele ya wale waliomleta mtu huyo na ambao wangebaki naye baada ya afisa kushuka. Ni wangapi wangethubutu kujibu, "Hapana"?

Tena sheria ilikuwa na mipaka. Haikuigusa merikebu ya taifa jingine iliyoondoka bandari nyingine. Ng'ambo ya ghuba, saa chache tu kutoka Hong Kong, ilikuwepo Macau chini ya Wareno. Biashara ya kwenda Cuba na Peru ilihamia huko kwa wingi, ikaendelea kwa karibu miaka 20 zaidi. Bunge la Marekani liliwakataza raia wake kusafirisha makuli mwaka wa 1862, lakini bendera nyingine zilikuwepo. Mlango mmoja ulifungwa, watu wakapitishwa mlango wa jirani.

Koloni jingine lilitunga sheria ya namna tofauti. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa huko Victoria, Australia, na Wachina wengi walikwenda kuitafuta. Mwaka wa 1855 serikali ya Victoria iliamuru kwamba merikebu isibebe zaidi ya Mchina mmoja kwa kila tani 10 za ukubwa wake, na kwamba zilipwe pauni 10 kwa kila Mchina anayeshuka. London ilihesabu futi ili abiria asife, na Melbourne ikahesabu tani ili abiria asije. Manahodha walitafuta upenyo mara moja. Waliwashusha abiria Robe, bandari ndogo ya koloni jirani la Australia Kusini, na maelfu ya watu wakatembea kwa miguu zaidi ya kilometa 300 hadi penye machimbo.

Je, biashara ya makuli ilikomeshwa na nini? Mambo mengi yalichangia, lakini tunapenda mwangalie mawili. Mwaka wa 1872 merikebu ya Peru, Maria Luz, iliyotoka Macau, iliingia bandari ya Yokohama, Japani. Abiria mmoja alijitupa majini usiku na kuogelea hadi kwenye manowari ya Kiingereza. Kwa kuwa mtu huyo alisikilizwa, kesi ilifunguliwa, na zaidi ya Wachina 200 waliachwa huru. Mwaka wa 1874 serikali ya China ilimtuma Chen Lanbin kwenda Cuba kuchunguza. Tume yake ilipokea ushahidi wa watu 1,176, na ikaandika kwamba wanane au tisa katika kila kumi walisema walipelekwa bila hiari yao. Mwaka huohuo Macau ilifungwa kwa biashara hiyo, na mwaka wa 1877 China na Hispania zilitia sahihi mapatano ya kuikomesha upande wa Cuba. Swali lilikuwa lilelile la sheria ya 1855. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeuliza alikuwa amekuja kusikiliza jibu.

Habari hizi haziko mbali nasi. Mwaka wa 1892 Wachina 540 waliletwa kutoka Hong Kong na Macau kujenga reli ya Matadi katika nchi yetu. Inasimuliwa kwamba 300 kati yao ama walikufa kazini, ama walikimbilia porini. Baadhi walionekana baadaye zaidi ya kilometa 800 ndani ya nchi. Walikuwa wakitembea kuelekea jua linakochomoza, wakitumaini kufika pwani ya mashariki na kutoka hapo kurudi kwao. Hata sisi tuliojifunza shuleni habari za reli hiyo, ni wachache tuliowahi kusikia habari zao.

Vijana, siku moja nanyi mtaletewa karatasi ya kutia sahihi, au mtakuwa ninyi mnaowaletea wengine. Tunapendekeza maswali haya kwa mkutano wenu:

1. Ni mambo gani yanayomzuia mtu kusema "hapana" mbele ya mkataba asiouelewa?

2. Katika mtaa wetu, ni kazi gani ambazo watu huzifanya kwa karatasi nzuri na hali mbaya?

3. Tunapotunga kanuni za kikundi chetu, je, tunawauliza kwanza wale zitakaowahusu?