Mizani ya Pwani, Mdundo wa Msitu

Utenzi wa Tambuka, utenzi wa vita, uliandikwa kisiwani Pate mwaka 1728, na umbo lake ni lile lile analofundishwa mwanafunzi wa leo: mshororo una mizani nane, mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne una kina cha bahari kinachorudi kila ubeti hadi tamati. Kina hicho ndicho kinachotawala hisia. Vita viwe vikali namna gani, sauti inarudi palepale, na msikilizaji anatulia.

Karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Nyangwe na Kasongo. Kiswahili kilifika Maniema, mashariki mwa Kongo, pamoja na bunduki na minyororo; hilo lisemwe kabla ya kusifu utamu wake. Kilibaki hata majeshi ya Wabelgiji yalipoiteka Kasongo mwaka 1893, kikawa lugha ya gati na reli ya Kindu. Matamshi yaligeuka, mizani haikuyumba: anayesema "mutoto" na anayesema "mtoto" wote wanahesabu tatu.

Ng'ambo ya ziwa, Ujiji, alizaliwa Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 aliziweka kanuni za vina na mizani katika kitabu, Sheria za Kutunga Mashairi. Miaka miwili baadaye, kwa Wanyanga wa Walikale, majirani wa Maniema, She-Karisi Candi Rureke alimsimulia mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku 12. Humo hamna vina vya kupanga. Vijana hugonga kwa vijiti kipande cha mti kilicholazwa chini, na mdundo huo ndio unaopima pumzi ya msimulizi. Katika utendi huo Shemwindo anamfungia mwanawe, Mwindo, ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto anaanza kuimba humo humo ngomani. Hapo simulizi inaacha maneno ya kawaida, inageuka wimbo, wagongaji wanaitikia, na uchungu wa mtoto aliyekataliwa unachanganyika na majigambo yake. Sijui utenzi wa pwani ambao umbo na hisia vimeshikamana kiasi hicho.

Kichomi, diwani ya ushairi huru ya Euphrase Kezilahabi, ilipotoka mwaka 1974, watetezi wa vina walidai ushairi huru umekopwa Ulaya. Walitazama pwani peke yake. Wanyanga, na Walega wa Pangi wanaoimba methali za chama chao cha bwami, walikuwa na kipimo chao siku nyingi: pumzi, mrudio na mdundo.